Mluzi wa kifua: R06.2, J45, J21 au J44? Ulinganisho kwa anayeandika faili na anayeweka msimbo

"Kifua kinapiga miruzi. Nebulaiza mara 2. Nafuu. Aruhusiwe."

Faili lenye maneno hayo tu lilifika mezani kwangu mwaka wangu wa kwanza wa kuweka misimbo ya magonjwa, na siku ile hakuna faili lililonikalisha kama hilo. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miezi 14. Mwenzangu aliyekaa upande wa dirisha alisema niandike J45.9, kwani nebulaiza, mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke, ni ya watu wa pumu. Mwingine akasema J21.9, kwani umri huo ni umri wa bronkiolaitisi, maradhi ya vijia vidogo vya hewa. Mimi niliandika R06.2, msimbo wa mluzi wenyewe, halafu nikaona haya, kana kwamba nimekabidhi kazi nusu.

Leo ningeandika R06.2 ile ile bila haya yoyote. Lakini ningefanya jambo moja zaidi, ambalo nitalifikia mwishoni. Ulinganisho huu ni wa tabibu anayeshika kalamu mbele ya mgonjwa na wa msimbaji anayesoma kalamu hiyo baadaye. Hao wawili mara nyingi hawaonani, na mluzi wa kifua ndio mahali wanapopotezana kwa urahisi kuliko pengine pote ninapopajua.

Dalili au ugonjwa: R06.2 na J45

R06.2 imo katika sura ya XVIII ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa na misimbo yake), sura ya dalili na ishara. J45, yaani pumu, imo katika sura ya X, magonjwa ya mfumo wa upumuaji. R06.2 inasema: tumeusikia mluzi, chanzo chake bado. J45 inasema: chanzo tunakijua, njia za hewa za mtu huyu zina ugonjwa unaobana na kuachia, na huenda utaishi naye miaka mingi.

Ukiweka misimbo hii miwili pamoja umejipinga mwenyewe. Mluzi ni sehemu ya pumu, na dalili iliyo sehemu ya kawaida ya ugonjwa uliokwisha kutajwa haipewi msimbo wake. Katika ICD-10-CM, toleo linalotumika Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015, katazo hili limeandikwa waziwazi: chini ya R06.2 kuna maelezo ya aina ya kwanza ya kutenga, yanayosema pumu haiandikwi pamoja nayo, na chini ya J45 mluzi usiojulikana chanzo umetengwa vivyo hivyo. Toleo la Shirika la Afya Duniani linafika hapo hapo kwa njia nyingine. Kanuni yake ya MB3 inasema kwamba ikiwa hali kuu iliyoandikwa ni dalili tu ya ugonjwa uliotajwa mahali pengine kwenye faili na ukatibiwa, basi ugonjwa huo ndio unaopewa nafasi ya hali kuu.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza na neno "huenda".

Tabibu ameandika "huenda ni pumu", au "pumu?", au "tunashuku pumu". Hapo jibu linategemea kitabu ulichonacho mkononi na mahali mgonjwa alipohudumiwa. Kwa mgonjwa wa nje, mwongozo wa ICD-10-CM unakataza kabisa kuweka msimbo wa ugonjwa unaoshukiwa tu: unaandika dalili, yaani R06.2, na kuiacha shaka ibaki kwenye maelezo. Kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali, mwongozo huo huo unasema kinyume: kama siku ya kuruhusiwa bado imeandikwa "huenda ni pumu", weka msimbo kana kwamba pumu imethibitishwa. Sababu ni kwamba vipimo, uangalizi na matibabu vyote vilielekezwa huko.

Shirika la Afya Duniani halikuigawa kanuni namna hiyo. Linasema kwamba kama hadi mwisho wa huduma ugonjwa bado unashukiwa na hakuna maelezo zaidi, unapewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Lakini lina kanuni nyingine, MB5, ambayo wengi huisahau: ikiwa tabibu ameandika dalili na kusema kwamba chanzo ni ama ugonjwa huu ama ule, dalili ndiyo inayochaguliwa. Kwa hiyo "miruzi, inashukiwa pumu" inakwenda J45.9, na "miruzi, ama pumu ama bronkiolaitisi" inakwenda R06.2. Neno moja dogo, "ama", limebadilisha sura nzima ya kitabu.

Basi msimbaji asiyejua ni toleo gani anatumia hawezi kujibu swali la "huenda". Nimeona watu wakibishana saa nzima, kila mmoja ana haki, kwa sababu mmoja amejifunzia kitabu cha Marekani na mwenziwe cha Shirika la Afya Duniani.

Hebu tuangalie kosa linakwenda wapi. Ukimpa J45 mtoto aliyepiga miruzi mara moja akiwa na mafua, neno pumu linamfuata. Tabibu wa pili analisoma, wa tatu analinakili, na kufikia wa nne hakuna anayeuliza nani alithibitisha. Wazazi wanaanza kumzuia kukimbia. Bima nazo huenda zikahesabu ugonjwa sugu. Ukikosea upande wa pili, madhara hayana kelele ila ni makubwa: mwanamke mwenye pumu inayojulikana anafika mara 5 kwa mwaka, kila mara anaandikiwa R06.2 kwa kuwa tabibu wa zamu ameandika alichokisikia tu. Ukilitazama daftari, mwanamke huyo hana ugonjwa wowote, ana dalili 5 zilizotawanyika. Hakuna atakayeona kwamba anazidiwa, hakuna atakayeuliza kama dawa yake ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa inamfikia.

Ninachochagua mimi: kama pumu imeandikwa na tabibu kwenye faili hili, J45, hata kama leo kilicholetwa ni "miruzi". Kama haijaandikwa, R06.2, hata kama mimi binafsi nina hakika moyoni ni pumu. Msimbaji hatibu.

Kitabu kipi uko nacho

Kabla ya kuendelea, tofauti moja ya matoleo inayogusa pumu moja kwa moja. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inagawa pumu kwa asili yake: J45.0 ya mzio, J45.1 isiyo ya mzio, J45.8 mchanganyiko, J45.9 isiyoelezwa. Pumu kali ya ghafla ina mlango wake peke yake, J46. ICD-10-CM haina J46. Imeigawa pumu kwa ukali: J45.2 ya hapa na pale, J45.3 ya kudumu nyepesi, J45.4 ya wastani, J45.5 kali. Kisha tarakimu ya mwisho inasema kama mgonjwa ametulia (0), amezidiwa (1), au yuko katika shambulio lisiloachia (2). Hivyo J45.41 ni pumu ya kudumu ya wastani iliyozidi. Isiyoelezwa ukali inaandikwa tofauti kidogo: J45.909 ikiwa imetulia na J45.901 ikiwa imezidi.

Ona basi: tabibu anayeandika "pumu ya mzio" amemsaidia msimbaji wa kitabu cha kwanza na hajamsaidia hata kidogo wa kitabu cha pili. Anayeandika "pumu ya kudumu, wastani" amefanya kinyume chake. Maandishi mazuri kwa kitabu kimoja yanaweza kuwa mapengo kwa kingine.

Kuhusu ukali, kuna jambo linalostahili kusemwa wazi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2007 unapima ukali kwa kuhesabu siku: dalili zisizozidi siku 2 kwa wiki ni pumu ya hapa na pale, za zaidi ya siku 2 lakini si kila siku ni ya kudumu nyepesi, za kila siku ni ya wastani, za kutwa nzima ni kali. Mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema ukali hujulikana baadaye, kwa kutazama ni dawa kiasi gani iliyohitajika kumtuliza mgonjwa. Kwa hiyo mtu akifika mara ya kwanza usiku, amebanwa, msimtake tabibu abuni daraja ili tu msimbo upendeze. J45.901 siku ile ni msimbo mkweli. Ukiiona tena na tena kwa mgonjwa anayehudhuria kliniki mwaka wa pili, hapo ndipo kuna la kuuliza.

ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, ilipitishwa na Baraza la Afya Duniani Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Pumu imekuwa CA23, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa CA22, na kasoro za upumuaji, mluzi ukiwamo, zimekusanywa chini ya MD11. Faida yake ni kuunganisha msimbo mkuu na misimbo ya ziada ya kueleza ukali na mengineyo. Anayehamia huko asidhani mapengo ya faili yatajaa yenyewe. Ukali usioandikwa hauna cha kuunganishwa nacho.

Mtoto mdogo: hapa ndipo pagumu

Kwa mtu mzima, mluzi una washukiwa wachache wanaofahamika. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 misimbo minne inagombania faili moja, na kila mmoja una hoja.

J21 ni bronkiolaitisi, uvimbe wa vijia vidogo kabisa vya hewa unaoletwa na virusi. J21.0 ni pale virusi vya RSV vimetajwa, J21.1 pale ambapo ni metanyumovirusi ya binadamu, J21.9 pale kisababishi hakikuelezwa. Ukishaandika J21, mluzi umo ndani yake, R06.2 haiongezwi. Lakini J21 ni ugonjwa, na lazima tabibu ameutaja. Umri peke yake hauutaji, wala mafua peke yake.

R06.2 ni ya mtoto aliyepiga miruzi na tabibu akasimama hapo.

J98.01 ni ya ICD-10-CM: mkazo wa ghafla wa njia za hewa. Watu huipenda kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu kuliko R06.2 na haina uzito wa pumu. Ila maelezo yake ya kutenga yanakataza kuitumia pamoja na bronkiolaitisi ya ghafla, bronkaitisi ya ghafla au pumu. Inafaa tu pale tabibu ameandika mkazo huo na hakutaja ugonjwa mwingine unaoubeba. Kwa maneno mengine, msimbaji haruhusiwi kugeuza "miruzi" kuwa J98.01. Miruzi ni kile alichosikia tabibu, mkazo ni kile alichohitimisha.

Ya nne ni J45, na inaingia kwa mlango wa nyuma. Matabibu wengi wanaoogopa kumpa mtoto jina la pumu huandika "njia za hewa zenye hisia kali", wakidhani wamekaa katikati, salama. Fahirisi ya ICD-10-CM haina katikati hiyo: ugonjwa wa njia za hewa zenye hisia kali unamwelekeza msimbaji aende pumu, na mtoto anaishia na J45.909. "Bronkaitisi ya kipumu" inafikia hapo hapo, na katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani imetajwa kabisa chini ya J45.9. Tabibu aliyetumia maneno yale kwa huruma ameandika pumu bila kujua. Kama hajaamini kwamba ni pumu, ni heri aandike "miruzi, mara ya kwanza, pamoja na mafua", na mtoto apate R06.2 yake.

Kuna mgombea wa tano asiyefaa kuwapo kabisa, nao ni nimonia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutunza watoto wagonjwa walio chini ya miaka 5 unahesabu pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi miaka 5, ni pumzi za haraka, na mwenye pumzi za haraka huainishwa kuwa na nimonia. Lakini mwongozo huo huo una hatua ambayo kwenye faili nyingi haionekani: ikiwa kuna miruzi pamoja na pumzi za haraka au kifua kubonyea, mpe dawa ya kuvuta ya kutanua njia za hewa, hadi mara 3, kila baada ya dakika 15 hadi 20, kisha hesabu pumzi upya na utazame kifua upya. Ndipo uainishe. Pengine pumzi zilikuwa za haraka kwa sababu ya mbano tu, na mbano umeachia.

Kwa msimbaji, hesabu ya pili ni dhahabu. Faili lenye hesabu ya kwanza tu linasukumwa kuelekea J18.9, msimbo wa nimonia, na mtoto anahesabiwa nimonia asiyokuwa nayo. Faili lenye hesabu zote mbili linaeleza mwendo wa ugonjwa.

Maneno ya mzazi nayo yana thamani yake. Mmoja atasema "kifua kinabana", mwingine "kinalia filimbi", wa tatu "anakoroma", naye huyo wa tatu huenda anazungumzia pua iliyoziba. Tabibu aandike maneno ya mzazi kama yalivyo, kisha aandike alichosikia mwenyewe kwa stetoskopu. "Mama anasema kifua kinalia, nimesikiliza, hakuna mluzi" ni taarifa kamili. Mluzi ulioripotiwa na mluzi uliosikika ni vitu viwili, na watoto wengi wanaoitwa wenye pumu wameitwa hivyo kwa ule wa kwanza.

Mtu mzima aliyevuta sigara, na moyo

J44 ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kwa kifupi COPD. J44.1 ni pale umezidi ghafla, J44.0 pale una maambukizi ya njia za chini za hewa, na katika ICD-10-CM misimbo yote miwili huweza kuandikwa pamoja kama yote mawili yapo. R06.2 haina nafasi mbele yake, kwa sababu zile zile za pumu.

Kugombana kwa J44 na J45 kunatokana na faili linalosema "pumu" ukurasa wa kwanza na "COPD" ukurasa wa nne. Hizi hazitofautishwi kwa mluzi. Zinatofautishwa kwa historia na kwa spirometria, kipimo cha kupuliza hewa kwa nguvu: baada ya dawa ya kutanua, uwiano wa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote inayotolewa kwa nguvu ukibaki chini ya 0.70, kuziba hakujaondoka, na hiyo inaelekeza J44. Kwa mtu mzima, hewa ya sekunde ya kwanza ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi baada ya dawa, hiyo inaunga mkono pumu. Msimbaji hachagui kwa namba hizi. Anazitumia kujua kwamba lipo swali la kumrudishia tabibu. Mtu mmoja pia anaweza kuwa na yote mawili.

Kisha moyo. Mzee anaamka usiku akihema, kifua kinapiga miruzi, miguu imevimba. Maneno "pumu ya moyo" bado yanaandikwa, na msimbaji anayesoma neno la kwanza tu anakimbilia J45. Kitabu kinayapeleka I50.1, kushindwa kwa upande wa kushoto wa moyo. Sijui kosa la msimbo linalokwenda mbali kuliko hili na ukweli wa mgonjwa: dawa tofauti, kliniki tofauti, hatari tofauti.

Jirani wa kupita haraka

R06.1 ni stridori, sauti kali inayosikika hasa mgonjwa anapovuta pumzi, chanzo chake kikiwa juu, kooni au kwenye koromeo la hewa. Mluzi husikika zaidi anapotoa pumzi. Tabibu akiandika "sauti ya kupumua" bila kusema ipi, amemwacha msimbaji gizani. T17 ni kitu kigeni kilichoingia njia ya hewa: mluzi wa upande mmoja wa kifua, ulioanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa akila karanga, unastahili neno "upande wa kulia" au "upande wa kushoto" kwenye faili hata kabla ya picha. R06.0 ni kuhema. Inaweza kuandamana na R06.2 kama yote mawili yapo na ugonjwa haujajulikana.

Maneno na yanakoishia

| Alichoandika tabibu | Kinakoishia |
|---|---|
| Miruzi, chanzo hakijajulikana | R06.2 |
| Mgonjwa wa nje: miruzi, tunashuku pumu | R06.2 kwa ICD-10-CM, J45.9 kwa ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani |
| Miruzi, ama pumu ama bronkiolaitisi | R06.2 kwa mgonjwa wa nje katika ICD-10-CM, R06.2 pia kwa kanuni ya MB5 |
| Njia za hewa zenye hisia kali | J45.909 kwa ICD-10-CM |
| Bronkiolaitisi, RSV imethibitishwa, miruzi | J21.0 peke yake |
| Pumu kali ya ghafla | J46 kwa kitabu cha Shirika la Afya Duniani |
| COPD imezidi, miruzi pande zote | J44.1 |
| Pumu ya moyo | I50.1 |

Maandishi mawili ya mgonjwa mmoja

La kwanza: "Miruzi ++. Salbutamol. Amepata nafuu. Arudi akizidiwa."

La pili: "Umri miaka 31. Ana pumu tangu utotoni, anatumia inhela ya kutuliza lakini imeisha wiki 2 zilizopita. Miruzi pande zote anapotoa pumzi, anamaliza sentensi kwa shida, oksijeni 93%. Baada ya salbutamol mara 3 oksijeni 97%, miruzi michache imebaki. Pumu imezidi kwa kukosa dawa. Havuti sigara, mume anavuta ndani ya nyumba."

La kwanza linampa msimbaji R06.2 na hakuna zaidi. La pili linampa J45.901 ya Marekani, au J45.9, na pia sababu ya kuzidiwa na moshi wa nyumbani, ambavyo vina misimbo yake ya nyongeza. Limechukua labda dakika moja na nusu zaidi. Nakubali kwamba dakika hiyo na nusu usiku wa foleni ndefu ni nyingi, na sitaki kuzungumza kama mtu asiyewahi kuiona foleni. Kama una nafasi ya sentensi moja tu, iwe hii: "Pumu imezidi", au "Miruzi, chanzo hakijajulikana". Sentensi ya hitimisho inamsaidia msimbaji kuliko alama za kujumlisha mbili.

Hizo alama zenyewe nina neno nazo. Miruzi ++ haina kipimo chochote, na kuna hatari kubwa zaidi: mgonjwa wa pumu aliyechoka kabisa huacha kupiga miruzi kwa sababu hewa haipiti tena. Nimewahi kusoma faili lenye "miruzi imekwisha" kama habari njema, huku mstari wa chini ukisema amesinzia na oksijeni imeshuka. Kwa hiyo "hakuna mluzi" iandikwe pamoja na "hewa inaingia vizuri pande zote", au na "kifua kimya, hewa haiingii". Ya pili si nafuu. Ni ya kuita watu mbio.

Kumuuliza tabibu bila kumlisha jibu

Msimbaji ana haki ya kuuliza, na namna ya kuuliza ina ubora wake. "Daktari, hii ni pumu, sivyo?" ni swali linalomshika mkono. Linganisha na hili: "Daktari, umeandika miruzi na matibabu ya nebulaiza mara 2. Je, kuna ugonjwa uliohitimisha kuwa ndio chanzo? Kama haupo, niandikie kwamba haujajulikana." La pili linaacha milango yote wazi, pamoja na mlango wa kutokujua. Tabibu akijibu, jibu liingie kwenye faili kwa mkono wake, lenye tarehe ya siku aliyojibu. Jibu la mdomo kwenye korido halina msimbo.

Hilo ndilo jambo ambalo mwaka ule wa kwanza sikulifanya mara moja. Faili la yule mtoto wa miezi 14 lilikaa kwangu siku 2 kabla sijapata ujasiri wa kulirudisha. Tabibu hakukasirika. Alikaa, akakumbuka, akaongeza chini ya maandishi yake: mafua siku 3, miruzi kwa mara ya kwanza, pumzi 46 kwa dakika kabla ya nebulaiza na 34 baada yake, kifua hakibonyei, hakuna mwenye pumu nyumbani, chanzo cha miruzi hakijajulikana. R06.2 ilibaki pale pale, nikaongeza J06.9 kwa maambukizi ya njia za juu za hewa.

Mtoto alirudi miezi 7 baadaye, kifua kinapiga miruzi tena, mbele ya tabibu mwingine. Mstari wa kwanza wa huyo wa pili ulikuwa: "Mara ya pili, ya kwanza ilikuwa na mafua, tazama ukurasa uliopita."